Kiti cha Pitchou

Lewiston, Maine
9 Septemba 2017

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Salamu zikukute mzima, wewe na binti yako Carmel, na cherehani yenu pia, maana najua ikiumwa hiyo nyumba nzima inalala njaa. Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Jeannine bado anafanya usafi hotelini. Denise na Jocelyne wamerudi shule, na siku hizi wakigombana wanagombana kwa Kiingereza ili mimi nisiingilie. Chris ameota meno mawili na anang'ata kila kidole anachokutana nacho.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Yaya, nyumba yetu ni ndogo, na Jeannine akisikia sauti yako anakuja kukaa karibu. Jambo nililo nalo sitaki alisikie bado. Kwa hiyo ukijibu, andika kwa anwani ya kiwanda niliyoweka nyuma ya bahasha. Msimamizi wetu ni mama mwema, atanitunzia.

Jambo lenyewe ni hili. Unamkumbuka Marcellin, tuliyekuwa tunaimba naye kwaya huko Johannesburg, Rosettenville? Yuko Abilene, jimbo la Texas, na ananiita tuhamie huko. Sasa nikuwekee yote mezani. Hapa Maine, kodi ya nyumba inameza mshahara wangu wote wa kiwanda cha samaki, na wa Jeannine unamezwa na mafuta ya kupashia nyumba joto. Baridi inakaa karibu nusu ya mwaka. Lakini watoto wana kadi ya hospitali, shule ni nzuri, basi la mji linapita karibu, na watu wakikuona umekwama kwenye theluji wanashuka kukusukuma.

Texas, kwa pesa hiyo hiyo tunayolipa sisi, Marcellin ana nyumba ya vyumba vitatu na uwanja wa watoto. Jimbo lenyewe halikati kitu kwenye mshahara. Nyama ni rahisi mpaka anajisifu nayo kwenye simu, na kazi ya ghala ipo. Ila bila gari wewe ni mfungwa, mtu mzima akiumwa anajijua mwenyewe, na Agosti, anasema, hata mijusi inatafuta kivuli.

Baba hayupo, Mama hayupo. Wewe ndiye umebaki kwenye kiti cha Baba. Nipimie, Yaya. Ukisema tuhame tutahama, ukisema tukae nitanyamaza.

Na faili lako la ukimbizi la kuja Amerika limefikia wapi? Tangu mwaka jana hujaniambia kitu.

Mdogo wako,
Damien

*

Turffontein, Johannesburg
21 Oktoba 2017

Damien mdogo wangu,

Barua yako imefika imechoka, imekunjwa pembe zote, lakini imefika. Cherehani inakusalimu. Mimi mzima, magoti tu yananikumbusha kwamba ujana ulishafunga virago. Carmel amenipita urefu na ananijibu kwa Kiingereza. Nikimkaripia kwa Kiswahili anacheka, nikimkaripia kwa Kinande anauliza nimesema nini. Kazi ipo. Sare za shule zitaanza mwezi ujao, na siku za mbio za farasi wanakuja mabibi kupunguziwa magauni saa moja kabla ya kwenda kukaa jukwaani.

Nikuchekeshe kidogo. Mwenye nyumba wangu, MaKhumalo, amefiwa na kaka yake, alifia hospitali hapa mjini. Maiti ikapelekwa kwao Newcastle, kwa Wazulu, na gari la mazishi. Nikajua yameisha. Kumbe bado, roho yake ilikuwa imebaki pale alipofia! MaKhumalo akaenda hospitali na tawi la mti wa miiba, akasimama karibu na kile kitanda, akamwita marehemu kwa jina lake na majina ya ukoo wao, akamwambia, twende nyumbani. Tangu hapo hakusema na mtu. Mimi nilimbebea mkoba mpaka kituo cha teksi. Pale akamwonyesha dereva vidole viwili, akalipa nauli ya watu wawili, akaliweka lile tawi kwenye kiti cha pembeni yake kama abiria. Dereva hakuuliza hata neno. Mimi nikacheka, eish, nikajifanya nakohoa. Mungu anisamehe.

Haya, ya kwako. Nilimwambia Carmel aniangalizie kwenye simu, bila kumwambia kwa nini. Kumbe kuna watu kazi yao ni kushindanisha majimbo kama timu za mpira. Maine huku, Texas kule, alama za nyumba, alama za chakula, alama za shule, za hewa, za wezi, halafu chini wanatangaza mshindi wa ubora wa maisha. Texas imeshinda kwa nyumba. Maine imeshinda kwa wezi, yaani haina wengi. Carmel akasema, "Mama, but who are you moving?" Nikamwambia namhamisha mteja.

Lakini Damien, nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu ambacho hakimo. Umeandika Jeannine, umeandika wasichana, umeandika mpaka meno ya Chris. Jina la Pitchou halimo. Mwanao wa miaka saba tumemlilia Februari, mimi huku nimekaa sakafuni na kina mama wa kwaya, ninyi huko kwenye theluji, na leo unanipangia majimbo mawili kama hakuwahi kuwepo. Ukitaka nikupimie, weka kila kitu kwenye mizani. Mimi si duka la kupima sukari tu.

Faili langu bado linatembea. Unajua mambo ya ofisi. Jumamosi nilikwenda kaburini kwa Mama kung'oa majani, mvua ya kwanza imeyaamsha yote kwa pamoja.

Nisalimie wifi yangu, hata kama hajui kwamba nimekusalimia.

Dada yako,
Masika

*

Lewiston, Maine
3 Desemba 2017

Yaya Masika,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Jocelyne amepata cheti cha kusoma vizuri, tumekibandika kwenye friji. Chris anasimama akishika meza. Theluji imeanguka mara mbili tayari. Stori ya MaKhumalo nilimsimulia Jeannine, nikasema nimeisikia kwa mtu kazini. Nilifikiri atacheka. Akaniuliza, "Alilipa nauli nzima?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kukunja nguo.

Umeniuliza, najibu. Marcellin hakuanza kuniita mwaka huu. Alianza 2016, Pitchou akiwa hai.

Unajua ugonjwa wake wa damu, huo wa seli mundu. Daktari wa hapa alitueleza kwamba baridi ndiyo inayouamsha. Akasema tumvalishe vizuri, anywe maji mengi, na kama kuna siku tutaweza kuishi mahali pa joto, itamsaidia. Jeannine akasema twende Texas. Mimi nikamwambia tusubiri kidogo, nauli hatuna, lakini haikuwa nauli. Msimamizi alikuwa ameniahidi nyongeza mwezi wa tatu, na mimi nikaona, mwanaume gani anaacha kazi wiki chache kabla ya nyongeza? Nikapiga hesabu zangu mpaka usingizini. Mwezi wa pili ile baridi kali ikaja, maumivu yakamshika kifuani, na hospitali wakashindwa.

Nyongeza niliipata, Yaya. Waliniita ofisini wakanipa mkono.

Sasa unaelewa kwa nini jina lake linanishinda. Kila Jumapili baada ya ibada Jeannine anakwenda makaburini na ufagio kufagia theluji juu ya jiwe lake. Mimi nakaa kwenye gari la jirani na watoto, nasema Chris asipate baridi. Uongo. Siwezi kulitazama. Mashine ya joto ikianza kuunguruma ndani ya nyumba, nasikia kama inanisema. Nataka kutoka hapa. Halafu naona haya. Leo ndiyo nimhamishie mama yake kwenye joto alilolihitaji yeye, yeye nimwache kwenye baridi peke yake? Nina hatia, na sina wa kumwambia ila wewe.

Amua wewe. Mimi akili yangu siiamini tena.

Damien

*

Turffontein, Johannesburg
14 Januari 2018

Damien mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, kama bado unaruhusiwa kuipokea katikati ya Januari. Huku tumekula vizuri. Carmel ameingia darasa la kumi. Mimi nimeshona sare mpaka vidole vimekufa ganzi, na bado kuna mama mmoja ananiambia sketi ya mwanae ni fupi wakati mwanae ndiye amerefuka.

Barua yako ilinifikia wiki ya Krismasi. Nililia nikiwa nimeshika mkasi, mteja akafikiri nimejikata. Kisha nikajifuta, nikakaa nikafikiri kama Baba alivyokuwa anafikiri, bila machozi, akiwa na kikombe cha chai.

Hameni.

Sikia sababu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ungehama 2016 labda angepona, labda angekufa njiani, hakuna anayejua ila Mungu, na Mungu hajaniandikia. Lakini watoto watatu wako hai, na mshahara unaomezwa na kodi ya nyumba ni chakula chao, viatu vyao, chuo chao. Jeannine anafagia theluji kwa mgongo ule ule anaofagilia hoteli. Utakapovunjika, hiyo Maine haitampa mwingine. Marehemu hasikii baridi, Damien. Kaburi halilii wala halilipi kodi. Mnaweza kumkumbuka Pitchou mkiwa popote, na Texas mtamkumbuka mkiwa na vyumba vitatu.

Najua maneno haya ni makali. Ndiyo maana umeniomba mimi, si mama wa kwaya. Mwambie Jeannine kwamba ni amri ya dada yako mkubwa, hasira zake azilete kwangu.

Kuhusu faili langu, bado. Wamesema tusubiri.

Dada yako,
Masika

*

Lewiston, Maine
18 Machi 2018

Yaya,

Watoto wazima. Sisi wakubwa, sijui nikuambie nini.

Nilimwonyesha Jeannine barua yako. Nilifikiri ukali wako utanisaidia, kwamba utasema wewe na mimi nitasimama pembeni. Aliisoma yote, akafika pale uliposema kaburi halilii. Akaiweka karatasi mezani taratibu sana. Akanitazama, akasema, "Kumbe nauli ya kwenda kwenye joto ilikuwepo."

Basi. Tangu siku hiyo anasema nami kupitia watoto. "Denise, mwambie baba yako chakula tayari." Nikiwa nimekaa pale pale.

Kuna kingine alichosema, na sikutaka kukuandikia, lakini nimekaa nacho wiki mbili. Alisema, "Huyo dada yako asiyejali makaburi, mbona yeye haji Amerika? Wote waliofungua faili pamoja naye Pretoria walishasafiri. Mke wa Marcellin ni mmoja wao, ameniambia mwenyewe. Muulize." Nikamjibu faili limekwama.

Limekwama, siyo, Yaya?

Damien

*

Turffontein, Johannesburg
10 Juni 2018

Damien mdogo wangu, na wewe Jeannine wifi yangu,

Kama bahasha hii imefunguliwa na Jeannine, ndivyo nilivyotaka. Nimeandika jina lake mbele na anwani ya nyumbani. Barua za kupitia kiwandani zimekwisha, tumezitumia kama wezi wanavyotumia dirisha.

Salamu zangu ni fupi. Carmel mzima. Baridi ya huku imeingia, si kama yenu, lakini nyumba za huku hazina mashine ya joto, tunalala na soksi. Barua ya Damien ya Machi nimekaa nayo tangu mwanzo wa Mei. Kila nikishika kalamu nakumbuka kuna zipu ya kubadilisha.

Faili langu halijakwama.

Waliniita mara ya kwanza Novemba 2016, kwenye usaili. Nilivaa gauni la kanisani, nikapanda gari mpaka Pretoria, nikafika mlangoni pa lile jengo na karatasi zangu zote ndani ya bahasha ya plastiki. Mlinzi alikuwa Mkongo, akanisalimia kwa Kiswahili, "Mama, ingia, baraka yako leo." Nikamwambia nimesahau kitu kwenye gari. Nikarudi Turffontein. Mara ya pili walipiga simu mwaka jana, Julai, nikasema Carmel ana mitihani. Hawajapiga tena.

Sababu ni Mama. Ni hiyo tu. Damien, wewe uliondoka 2014, yeye akafa mwaka uliofuata, hukuona pale tulipomweka. Ni pembeni kabisa, karibu na ukuta. Kulia kwake kuna mtu asiye na jiwe, kushoto kuna shimo walilochimba wakaliacha. Mama alitoka Butembo akiwa amebeba sufuria mbili na mimi nyuma yake, akavuka nchi nne kwa ajili yetu, halafu mimi nimwache na watu asiowajua? Nani atamng'olea majani? Carmel? Carmel hajui hata wimbo mmoja aliokuwa anaupenda bibi yake. Nilipofika mlangoni pa lile jengo nilimwona Mama amekaa kwenye kiti chake cha plastiki ananisubiri nirudi na mkate, na miguu ikakataa. Naona aibu kuandika hivi nikiwa mtu mzima, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na ni mimi huyo huyo niliyekaa na kikombe cha chai nikakuandikieni kwamba marehemu hasikii baridi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jeannine, nilikutwisha mzigo ambao mimi mwenyewe sikuweza hata kuuinua kutoka chini. Nisamehe. Sisemi kwa adabu ya barua, naomba kweli. Nimekuwa nikilala vibaya tangu nijue kwamba umeyasoma yale maneno.

Nimemwambia Carmel afungue tena ule ukurasa wa majimbo. Nikapita alama zote, nyumba, nyama, wezi, hewa, nikitafuta mahali walipoandika mtu aliyezikwa anahesabiwaje. Hawakuandika. Basi siwezi kuwapimia. Amri yangu ya Januari naifuta. Jeannine ndiye aliyemzaa na ndiye anayefagia, yeye ndiye atakayesema kama mnakaa au mnakwenda, na wewe Damien utamsikiliza safari hii.

Neno moja tu la kuongeza, na mkiliona la kijinga mlitupe. Nilimweleza MaKhumalo habari yenu yote jikoni, kwa Kiingereza changu na Kizulu cha Carmel. Nilitaka kumuomba radhi kwa kile kicheko cha kituoni. Akasema aliniona nikicheka, na alikuwa ameamua kutonidai kwa hilo. Nikamwuliza, sasa kama mtu amezikwa kabisa, na ninyi mnahama, inakuwaje? Akaniangalia kama mpangaji aliyeleta kodi pungufu. "Hawu, Masika! Si mnakwenda kumwambia? Hata mpangaji anaaga. Mnamwita kwa jina, mnamwambia mnahamia wapi, mnachukua tawi, mnamlipia kiti. Mkibadilisha gari mnamwambia tunashuka hapa. Aliyemshika asiongee na watu wengine njiani, asije akampoteza." Nikamwambia huko Maine hakuna ule mti wa miiba. Akasema, "Hakuna miti?"

Sisi ni Wakristo. Najua mchungaji angesema nini, kwa hiyo sikumuuliza.

Dada yenu,
Masika

*

Abilene, Texas
16 Septemba 2018

Yaya Masika,

Salamu kutoka kwenye joto. Denise anakusalimu, Jocelyne anakusalimu, Chris anatembea na amemwangukia paka wa Marcellin. Jeannine anakusalimu yeye mwenyewe, ameniambia niandike "yeye mwenyewe". Carmel mpe busu la mjomba wake, na MaKhumalo mpe heshima zangu zote.

Barua yako Jeannine aliifungua akiwa amesimama mlangoni. Jumapili moja, mwezi wa saba, tumetoka ibadani, akanigeukia na kusema, bila kupitia kwa Denise, "Leo na wewe unashuka." Nikashuka. Hakukuwa na theluji, ni majani mabichi tu na jiwe dogo. Nilikuwa sijalitazama tangu siku tulipoliweka, Yaya. Nilipiga magoti nikamwambia mwanangu habari ya nyongeza. Nilimwambia yote, na mama yake anasikia. Nilipomaliza Jeannine akasema, "Sasa mwambie tunakwenda wapi."

Mwisho wa Agosti tukaondoka kwa basi la masafa marefu, maana gari hatuna. Dirishani pa tiketi yule dada akauliza abiria wangapi. Wakubwa wawili, watoto wawili wa kulipa, na Chris wa kupakatwa. Nikasema, na mwingine mmoja, Pitchou. Sitakuficha: alipotaja bei, moyo wangu wa zamani uliruka. Nilitaka kusema naye tutampakata. Nikajishika, nikalipa kiti kizima.

Jeannine alikata tawi la msonobari ulioko kwenye uzio wa makaburi, akalifunga kwa kitenge cha kubebea ambacho alimbebea Pitchou akiwa mchanga kule Turffontein. Akakaa dirishani, tawi pembeni yake, mimi na watoto upande wa pili wa njia. Tangu Lewiston hakusema na mtu mwingine yeyote. Kila tulipobadilisha basi alikuwa anainama na kusema taratibu, "Pitchou, tunashuka hapa. Pitchou, tunapanda." Boston, New York, na miji mingine ambayo sijui majina yake. Watu walitutazama. Nakiri nilikuwa na aibu mpaka New York, baadaye nikachoka kuwa na aibu.

Halafu tukafika kituo kimoja, Tennessee, basi likajaa. Akaja mzee mmoja mkubwa, mfuko mkononi, akasimama juu ya kile kiti. Akamwuliza Jeannine kwa Kiingereza kama kuna mtu. Jeannine hawezi kujibu, unajua. Ananitazama mimi. Dereva naye anatazama kwenye kioo. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza, "Ni cha mwanangu." Sikuwa nimesema neno hilo mbele ya watu tangu hospitali. Yule mzee akatazama tawi, akatazama kitenge, akamtazama Jeannine. Akavua kofia yake, akaenda kusimama nyuma mpaka kituo kilichofuata.

Abilene Marcellin alikuwa anatusubiri na gari. Mlango wa basi ulipofunguka joto likatupiga usoni, hewa nzito kama ya jikoni. Jeannine akashuka wa kwanza, tawi kifuani. Akafungua kitenge. Akasema, "Pitchou, tumefika. Hapa hakuna baridi." Ndipo akalia, pale pale kwenye lami, na mimi nikalia, na wasichana, na Marcellin ambaye hakuwa anajua hata analia nini.

Ulitaka habari za maisha. Nyumba tuliyopata ina vyumba vitatu, kweli. Kazi nimeanza ghalani. Gari bado, natembea, na jua linanipiga ipasavyo. Tawi tumelizika uwanjani, chini ya dirisha la watoto, upande unaopata jua asubuhi. Jeannine hajasema amenisamehe, na mimi sijathubutu kumuuliza. Lakini leo aliniuliza mimi mwenyewe chumvi iko wapi.

Sasa ya kwako. Sikulazimishi uje. Mama ni wako kuliko alivyo wangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Lakini wakikuita tena, na ukifika mlangoni pa lile jengo ukamwona amekaa anakusubiri, usirudi Turffontein kwa siri na usiingie ndani kwa siri. Nenda kwanza pale karibu na ukuta umwambie. Na kama atakubali, mje wote wawili. Sijui ndege zao zinakubali nini, lakini kiti cha Mama usikilipe wewe, Yaya. Nilikuwa mbali alipokufa, sikubeba jeneza lake, sikurusha hata konzi moja ya udongo. Niachie nauli yake.

Mdogo wako,
Damien